Namba Tatu Zisizopimwa

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alipitia kwenye karakana ya shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu alifanya kila kitu mbiombio: kula, kuandika, hata kupiga mswaki. Shangazi yake alikuwa fundi wa redio, na Chapuchapu aliamini kwamba duniani hakuna mikono stadi kama ile.

Siku hizo shangazi alikuwa akiunda amplifaya ya gitaa kwa ajili ya mwalimu wa muziki. Sanduku alilipiga randa mwenyewe. Waya wa transfoma aliusokota kwa mkono wiki tatu nzima, akihesabu mizunguko kwa sauti ili asipotee. Nyuma ya wavu ziling'aa valvu nne, zile taa za kioo zinazokuza sauti.

"Valvu zinapata umeme wa aina mbili," shangazi alimweleza. "Mmoja unazisukuma, mwingine unazituliza kama breki. Sasa mwalimu anaishi ukuta kwa ukuta na mtoto mchanga, ndiyo maana nimeweka swichi ya kupunguza nguvu. Msukumo ukipungua, breki nayo lazima ilegee. La sivyo valvu zinabanwa."

Tatizo lilikuwa hapo hapo. Swichi ikiwa juu, gitaa lilinguruma vizuri. Ikishushwa, lilikoroma kama mtu mwenye mafua.

Jumatatu shangazi aliunganisha mita mbili, akafunika sanduku, mara akaitwa nje na mteja.

"Zungusha swichi ya nje tu, soma mita zote mbili, andika," alisema. "Ndani usiguse kabisa. Umeme huu unaua."

Chapuchapu aliisoma mita ya msukumo katika hatua zote nne za swichi: 400, 320, 240, 160. Mita ya breki aliisoma mara moja tu: 40. Kisha wenzake wakampigia mluzi kutoka uwanjani. Ya nini kusumbuka, na hesabu anaijua? Akajaza 32, 24 na 16, sehemu ya kumi ya kila msukumo, akatoka mbio.

Shangazi aliiamini karatasi. Akabadilisha valvu, sauti ikakoroma. Akabadilisha spika, bado ikakoroma. Jumatano Chapuchapu alimkuta ameinamia transfoma, koleo mkononi.

"Vipimo vyako vinaonyesha breki ni nzima," shangazi alisema kwa sauti ya uchovu. "Basi nilikosea kusokota. Naifumua, nianze upya."

Wiki tatu! Koleo iliposogea kwenye waya, Chapuchapu akapaza sauti.

"Shangazi, usikate! Namba tatu za breki sikuzipima. Nilizibuni."

Koleo ikabaki hewani. Chapuchapu alisubiri kufokewa, lakini shangazi alivuta kiti tu.

"Kaa. Tupime."

Mara hii Chapuchapu hakuruka hatua hata moja. Hatua ya kwanza, 40. Ya pili, 40. Ya tatu na ya nne, 40 vilevile. Breki haikulegea hata kidogo!

Shangazi alizima umeme, akachomoa waya ukutani, akangoja umeme uliobaki ndani uishe, akahakikisha kwa mita. Ndipo alipofunua sanduku. Chini ya swichi, waya mmoja ulikuwa umefunikwa na risasi ya kuchomelea bila kushikwa nayo. Alipougusa, ukachomoka.

"Na huu nimeuchomea mimi," alisema, akicheka kwa aibu. "Kumbe chapuchapu tuko wawili."

Akauchomea upya, taratibu. Walipopima tena, breki ilishuka pamoja na msukumo.

Jioni mwalimu alikuja na gitaa lake. Alishusha swichi hadi chini, akapiga. Sauti ilitoka ndogo lakini nene, kila uzi ukisikika. Mwalimu alifumba macho.

"Fundi," alisema, "mikono hii haina mfano."

"Nusura iharibu kazi yake yenyewe," shangazi alijibu. "Mwanangu ndiye aliyeizuia."

Chapuchapu aliinamisha kichwa. "Lakini mimi ndiye niliyedanganya."

"Ulidanganya, kweli," shangazi alisema, akimshika bega. "Nafasi tupu kwenye karatasi ingenifanya nipime. Namba ya uongo ilinifanya niache kupima, na siku mbili zikapotea. Hata hivyo, ulisema ukweli ukijua utaaibika, na kazi ya wiki tatu ikapona. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa fundi. Ila usiandike kamwe kitu ambacho macho yako hayajakiona."