Mwizi Aliyefua Kofia

Hapakuwa na damu, wala maiti, wala dirisha lililovunjwa. Palikuwa na kofia ya bluu. Ilianikwa kwenye kamba nyuma ya zahanati moja ya Butiama, Ijumaa asubuhi, ikidondosha maji kwa utulivu wa kofia isiyo na hatia.

Dk. Wankyo Baltazari aliitazama kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye akili timamu anavyoitazama nguo iliyoanikwa. Halafu akakimbia.

Katika chumba cha vipimo mashine ilikuwa mahali pake, na kofia nyekundu ilikuwa mahali pake. Kati ya kadi mbili za kumbukumbu zilizokaa juu ya mashine, moja haikuwepo. Wankyo alipekua mezani, chini ya meza, ndani ya viatu vyake, kisha ndani ya viatu vyake tena.

Ili msomaji aelewe ukubwa wa msiba huu wa kitaifa, maelezo mafupi yanahitajika. Mashine ile hupima umeme wa ubongo. Anayepimwa huvalishwa kofia yenye nyaya, na mawazo yake hugeuka kuwa mistari. Kofia nyekundu ni ndogo, ya watoto, na ndiyo waliyovaa watoto wenye kifafa wa pale Butiama, wale waliokuja na mama zao, kila mtoto akiwa na sahani yake imefungwa kwenye kitambaa, kwa sababu nyumbani hakuna anayekubali kula naye chombo kimoja. Kofia ya bluu ni kubwa. Hiyo walivaa watu wazima wenye afya waliojitolea kule Bunda: wahudumu, walinzi, madereva. Sista Prudence ndiye aliyewafunga nyaya na kumpa kila mmoja namba yake. Wankyo aliisoma mistari baadaye kwa namba tu, bila kujua ni ya nani, ndivyo utafiti unavyotaka.

Profesa Esta, mwenyekiti wa jopo la kuchagua daktari wa kwenda kusoma, alikuwa amemwambia waziwazi: "Wagonjwa kila mtu ananiletea. Wewe niletee wazima, nione kama unajua kawaida ikoje." Jopo lingekaa Musoma mchana uleule. Nafasi ya kusomea magonjwa ya ubongo ilikuwa moja. Wankyo aliitaka nafasi hiyo tangu akiwa kidato cha pili, na kompyuta iliyokuwa na nakala ilikuwa imeungua na kila kilichokuwemo, iko mezani kwa fundi Bunda, imefunguliwa tumbo.

Kadi iliyoibwa ilikuwa ya wazima.

Usiku geti lilifungwa kwa ndani. Ukimtoa yeye, waliolala ndani ya uzio walikuwa watatu. Wankyo akaanza na yule aliyemtilia shaka kwa furaha zaidi.

Dk. Gibson, daktari mwenzake na mshindani wake wa pekee kwa nafasi ile, alikuwa akitoka chooni. Amevaa tai na kandambili.

"Gibson, umeingia chumba cha vipimo?"

"Salamu kwanza, mwenzangu. Umeamkaje?"

"Kadi yangu ya wazima haipo."

Uso wa Gibson uling'aa kidogo, kama wa kipa aliyeambiwa kuwa mpiga penalti ameteguka mguu. Kisha akakumbuka kuwa ana wazazi waliomlea. "Pole sana."

"Mfukoni una nini?"

"Wankyo wee, umekuwa polisi lini?"

Mfukoni alikuwa na kadi. Wankyo aliipachika kwenye simu yake. Sauti nzito ikasikika: "Waheshimiwa wajumbe wa jopo, kiharusi ni janga." Kisha tena: "Waheshimiwa wajumbe, kiharusi... ni janga." Mara nyingine alikuwa ameongeza kikohozi cha heshima.

"Nafanyaga mazoezi," alisema Gibson, masikio yamemwiva. "Chooni sauti inavuma vizuri. Na hata humo sikupewa amani. Mtu kanigongea mlango alfajiri, nikamwambia asubiri. Karudi tena, kagonga. Namuuliza nani, hajibu. Nikatoka kidogo kunywa maji, sikuona mtu."

"Alikuwa na haraka?"

"Mtu anagonga choo mara mbili, Wankyo, unauliza kama ana haraka?"

Sista Prudence alikuwa bombani anasugua ndoo. Mikono yake ilinuka sabuni. Wankyo alipoona hivyo akaona aibu kuuliza, maana huyu mama ndiye aliyemfundisha kutoboa mshipa bila kumliza mtoto.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Usinizunguke, nimeshasikia. Unataka kuuliza kama mimi ndiye niliyefua kofia."

"Wewe unafua kila kitu, sista. Juzi ulifua stetoskopu ya Gibson."

"Ilikuwa inanuka Gibson." Prudence aliweka ndoo chini. "Sikiliza, mwanangu. Kofia ile mimi naifuta kwa pamba na spiriti, waya mmoja mmoja. Siichovyi kwenye maji ya sabuni. Umeiona ilivyojikunja? Imekamuliwa kama shati la shamba. Muuguzi gani anakamua nyaya? Na kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Nyekundu ina jasho la watoto na mafuta ya nywele mpaka basi. Bluu ilikuwa haina uchafu. Ningefua, ningefua zote mbili. Mimi sifui nusu."

Akaendelea na ndoo yake. Kikao kilikuwa kimefungwa.

Wa tatu alikuwa dereva. Luhende alikaa kwenye jiwe kando ya gari, mbali na wengine kama kawaida yake, akinywa chai kwenye kikombe chake cha bati. Kikombe hicho kilisafiri naye kila mahali, pamoja na bakuli lake, na hakuna aliyewahi kuonjeshwa. Gibson alimpachika jina la Bwana Kikombe, na akaeneza kwamba jamaa anaringa.

"Shikamoo, kaka Luhende."

"Marahaba, Daktari. Maji nimeweka, mafuta yapo. Tunaondoka saa ngapi?"

"Kabla ya saa tano. Kaka, kuna mtu umemwona anaingia chumba cha vipimo?"

"Sijaona mtu."

"Jana jioni? Alfajiri?"

Luhende hakujibu. Alitazama mbele, mdomo ukicheza kidogo kama anayeonja kitu, na mkono wake wa kulia, ule wenye kovu kubwa la moto kutoka kiwiko hadi vidoleni, ukawa unachezea kifungo cha shati. Kisha akageuka.

"Ulisemaje?"

"Nimeuliza kuhusu alfajiri."

"Ah. Mimi mashine zenu siziwezi, Daktari. Niliyopewa ni hii ya magurudumu manne."

Wankyo akaondoka na neno moja kichwani: anaficha. Aliwaza kweli, ila kwa sababu isiyo sahihi, na kosa hilo lilimwaibisha kwa muda mrefu baadaye.

Waliondoka bila kadi. Luhende usukani, Wankyo kando yake, Gibson na Prudence nyuma. Kofia ya bluu, bado mbichi, ililala mapajani mwa Wankyo kama paka aliyenyeshewa. Alijaribu kupanga maneno ya kuliambia jopo, na kila sentensi ilianza na "samahani".

Halafu akaukumbuka wimbo wa Profesa Esta, ambao wanafunzi wake huuota usiku: usiulize ugonjwa gani, uliza kwanza ni wapi. Mtu akishindwa kuinua mguu, shida inaweza kuwa kwenye ubongo, au uti wa mgongo, au mguuni penyewe. Tafuta mahali. Jina la ugonjwa litakuja lenyewe.

Basi, mahali. Mwizi hakugusa mashine, ambayo ni mali. Hakugusa wagonjwa. Kaiba wazima. Nani anaiba vichwa vya wazima?

Mzima mmoja ambaye si mzima.

Akageuza kofia. Na kwa nini uifue? Uchafu haukuwepo, Prudence kasema. Mtu huyu hakuwa akifuta alama zake, maana angeacha kofia kavu na hakuna ambaye angejua kitu mpaka Musoma. Kufua ndiko kulikomfichua. Alifua kwa sababu ilimlazimu. Aliamini kuna kitu kwenye kofia kitakachomdhuru atakayeivaa kesho. Wankyo aliwaona tena wale watoto na sahani zao kwenye vitambaa.

Sahani ya peke yako. Kikombe cha peke yako.

Jumatano, wakitoka Bunda, alipiga simu kwa Profesa akiwa kwenye kiti hikihiki. Alisema: "Namba tatu mistari yake inarukaruka, upande wa kushoto. Lazima nijue ni nani, nimwite." Gibson hakuwepo siku hiyo. Prudence alibaki Bunda. Ndani ya gari walikuwa wawili tu.

Kovu la moto. Mdomo ulioonja kitu kisichokuwepo. Kifungo. "Ulisemaje?"

Haikuwa hatia. Ilikuwa kifafa, kile kidogo kisichoangusha mtu, kimekaa mbele ya macho yake kwenye jiwe, naye akakiandikia hati ya mashtaka.

Mshale wa mwendo ulisimama kwenye themanini.

"Kaka Luhende," alisema taratibu, "simama kidogo."

"Tutachelewa, Daktari."

"Najisikia vibaya. Nataka kutapika."

"Mbele hapo kuna kivuli, nita..."

Sentensi ilikatika. Wankyo alisubiri neno linalofuata. Halikuja. Macho ya Luhende yalikuwa wazi, yanaangalia barabara bila kuiona, na mkono wa kulia ukaachia usukani, ukatafuta kifungo. Gari likaanza kusogea upande wa kulia, polepole, kwa adabu kabisa. Mbele yao lilitokea lori lililosheheni pamba, linapiga honi.

"Luhende!" alipiga kelele Gibson. "Luhende, mama yangu!"

Wankyo alishika usukani, akauvuta kushoto, na kwa mkono mwingine akajipinda kuifikia breki ya mkono. Mguu wa Luhende ulikuwa umelegea kwenye mafuta. Lori likapita likiwaachia vumbi na matusi. Gari lilirukaruka kwenye kokoto, likaingia pembeni ya shamba la mihogo, likazima.

Kikombe cha bati kilibingirika chini ya kiti, kikagonga chuma, kikatulia.

Luhende alipepesa macho. Akatazama mihogo. Akatazama mkono wa Wankyo kwenye usukani.

"Ulisemaje?"

Prudence alikuwa wa kwanza kusema. "Zima swichi, wanangu. Shukeni wote."

Walishuka. Luhende alikaa kwenye ukingo wa shamba, na Wankyo akachuchumaa mbele yake.

"Kaka, namba tatu ni wewe."

Hakubisha.

"Kadi iko wapi?"

"Chooni, Daktari. Nimeitupa."

"Chooni?" Gibson alishika kichwa. "Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unanigongea!"

"Ulikuwa unahutubia," alisema Luhende. "Ningefanyaje?"

Hakuna aliyecheka. Wankyo aliliacha neno lile limwingie. Rekodi zote za wazima, kazi ya miezi, zilikuwa chini ya Butiama mahali ambapo hata sayansi haifuati.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba ninyang'anywe gari?" Luhende alinyoosha mkono wenye kovu. "Nilikuwaga mdogo, kwetu Kibara. Mama alikuwa anakaanga sato. Kikanikamata, nikaangukia motoni. Watu walikuwepo, Daktari. Wengi. Walikimbia, wakasema asiguswe, povu lile likikupata na wewe unakipata. Mama ndiye aliyerudi kunitoa. Tangu siku hiyo nikapewa bakuli langu na kikombe changu. Nilipokua kile kikubwa kikaacha. Nikasema nimepona. Hivi vidogo nilidhani ni usingizi tu. Nikajidanganya."

"Na kofia?"

"Nilipokuwa nachukua kadi nikaiona imening'inia pale. Niliivaa mimi, Bunda. Nikawaza, kesho atavalishwa mtu mwingine, pengine mtoto wa mtu. Mwizi nimekuwa, sawa. Ila sikutaka kumwachia mtu kitu kile."

Wankyo alirudi garini, akaingiza mkono chini ya kiti, akakitoa kikombe. Akakifuta vumbi kwa kiganja, akamimina humo chai iliyobaki kwenye chupa, akanywa. Luhende aliinua mkono kumzuia, akachelewa.

"Kifafa hakiambukizi," alisema Wankyo.

"Tangu lini?"

"Hakijawahi. Hata siku moja."

Luhende aliinamisha uso, na mabega yakaanza kutikisika. Hayo hayakuwa ya kwenye ubongo; yalikuwa machozi. Gibson akageuka, akajishughulisha sana na kuchunguza majani ya mihogo. Jina la Bwana Kikombe halikusikika tena kinywani mwake.

Prudence ndiye aliyeendesha hadi Musoma. Ilidhihirika kuwa ana leseni, na kwamba anaendesha kama anavyofua.

Walifika jopo likiwa linamaliza soda. Profesa Esta alimtazama Wankyo juu ya miwani.

"Umechelewa. Rekodi ziko wapi?"

"Zimepotea, Profesa. Hazitapatikana."

"Nani kazipoteza?"

Gibson alimtazama. Prudence alimtazama. Jina lilikuwa mdomoni, jepesi, na lingemwokoa.

"Nilikuwa na nakala moja tu mahali pa hatari," alisema Wankyo. "Hilo ni langu."

"Basi huna cha kutuonyesha."

Mlango ulifunguliwa nyuma yake. Luhende, aliyekuwa ameachwa garini, aliingia bila kubisha hodi, kofia ya bluu mkononi, funguo za gari juu yake.

"Shikamooni. Namba tatu ni mimi," alisema. "Kadi nimeitupa mimi, si yeye. Kichwa nimekuja nacho. Muulizeni daktari, atawaeleza alichokiona."

Jopo lilitazamana. Profesa Esta alivua miwani, akavuta kiti, akamwonyesha Luhende akae. Kisha akamgeukia Wankyo.

"Wapi?" aliuliza.

"Pembeni mwa ubongo, upande wa kushoto, juu ya sikio," alisema Wankyo. "Kinaanza mdomoni, kinaenda mkono wa kulia."

Alizungumza hadi chai ya jioni ikaletwa. Nafasi alipewa, kwa sharti la kurudia rekodi zote na kuweka nakala tatu, na Gibson alimpongeza kwa kikohozi cha heshima. Funguo alikabidhiwa Prudence. Luhende alipewa dawa, na tarehe ya kurudi kuvaa kofia.

Mhudumu alipitisha sinia la vikombe vya kauri, vyote sawa. Sinia lilipomfikia Luhende, mkono wake ulienda kwanza kwenye mfuko wake, kwenye bati lake. Ukakaa humo kwa muda. Halafu ukatoka mtupu, na akachukua kikombe cha watu wote.