Pampu ya Saa Tisa

Pampu ilinguruma sekunde nne, ikanyamaza. Fundi alikuwa amepiga magoti chini ya sinki, mkono wake ukiwa juu ya bomba. Bomba lilikuwa limefungwa.

"Umeisikia?" Mwalimu aliuliza kutoka mlangoni mwa gari.

"Nimeisikia."

"Tazama saa. Saa tisa na dakika tano, kila siku ya Mungu. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, fundi. Mabomba matatu yamefungwa, pampu inavuta maji. Nipe jibu."

"Kuna mahali panavuja."

"Wapi?"

Hakujua. Pampu ya aina ile hulala mpaka bomba lifunguliwe. Presha ikishuka, inaamka yenyewe. Ikinguruma bila mtu, basi maji yamepata pa kutokea. Tangu asubuhi alikuwa amefuta kila kiungo cha mpira wa maji kwa karatasi ya chooni, na kila karatasi ilitoka kavu.

Mwalimu na mumewe walilinunua gari hilo kwa dalali mwaka uliopita: gari refu lenye kitanda nyuma, jiko katikati na choo chenye upana wa kabati. Walitaka kuzunguka baada ya kustaafu. Walizunguka miezi mitano, mzee akaugua, na kwa kuwa nyumba walishaiuza, akaugulia humohumo. Mwalimu hakujua kwamba fundi aliyempata kwa kuulizauliza ndiye aliyekuwa mwenye gari. Fundi alilitambua getini, kwa kiraka cha bati alichokichomelea mwenyewe juu ya gurudumu. Alisalimia, akafungua sanduku la spana, akaanza kazi.

"Halafu choo," Mwalimu aliendelea. "Tangi namwaga leo, kesho taa nyekundu imewaka. Watu wawili, na mmoja hali chochote. Tunajaza nini?"

Fundi alitoka nje, akaweka ndoo chini ya tangi la choo, akavuta valvu huku amegeuza uso, kama wanavyofanya wote wa kazi hiyo. Harufu aliyoitarajia haikuja. Maji yaliyotoka yalikuwa safi, baridi, na yalinukia mafuta ya mkaratusi.

Spana ikamponyoka. Mafuta hayo ndiyo aliyokuwa akimchulia mama yake.

Miaka miwili nyuma gari hilo liliegeshwa uani mwa karakana yake, mama akiishi ndani. Kiharusi kilimwachia mkono mmoja na kumnyima sauti. Wakapatana: akitaka kitu, atafungua bomba lililo karibu na kitanda, pampu itanguruma, mwanawe atakuja. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele yake. Mchana mmoja aliita mara nyingi. Mteja alikuwa amemsimamia fundi kichwani, injini imefumuliwa, na ngurumo ile ikawa inamwingia kwenye meno. Saa tisa na dakika tano akaenda kwenye swichi iliyo nje ya gari, akaizima. Dakika kumi tu, alijiambia. Alirudi saa kumi na moja. Bomba lilikuwa limefunguliwa hadi mwisho, mkono wa mama ungali juu yake.

Alitoa fyuzi nzima, akaweka iliyoungua. Kisha ndipo akamfumba mama macho.

"Pampu iliungua," alimwambia dada yake. Dada alimkumbatia. "Usijilaumu, mdogo wangu. Chuma hakina huruma."

Jambo moja lilikuwa likimpa usingizi: alimkuta mama midomo imelowa. Basi alikunywa, alijiambia. Hakujiuliza maji yalitoka wapi, na swichi alikuwa ameizima yeye.

Siku ya pili ya kazi kwa Mwalimu, saa tisa, alijifungia chooni mwa gari na tochi. Pampu ikanguruma. Alilitazama sinki la choo, na maji yakaanza kuanguka ndani yake, si kutoka kwenye mpira, wala kwenye bomba, bali kutoka hewani, kwenye kimo cha mkono wa mtu aliyekaa, taratibu, kama mtu anayemwaga glasi ili mwingine asisikie, na harufu ya mkaratusi ikamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na kutoka kitandani, nyuma ya ukuta mwembamba wa mbao, akasikia sauti ya mzee ikisema kwa utulivu:

"Ahsante, mwanangu. Nimekunywa."

Fundi alitoka mbio. Mwalimu alikuwa ameinama juu ya mumewe na kikombe kilichojaa.

"Wiki ya pili hii," alinong'ona. "Nikimletea maji, ananiambia ameshapewa. Anakaza meno. Nadhani labda ni mimi nasahau. Hatuna mtoto, fundi. Huyo anayemwita mwanangu ni nani?"

Midomo ya mzee ilimeremeta kwa maji. Ulimi, alipopumua, ulionekana umepasuka kama tope la kiangazi.

Mganga aliyeletwa jioni ile alikuwa mwanamke mfupi, mkunga wa zamani. Alivua viatu, akashika bomba la karibu na kitanda.

"Nani aliita humu asiitikiwe?"

Mganga alimtazama fundi, si Mwalimu.

"Mtu akiita sana asiitikiwe, kuna kinachosikia. Si marehemu wako, fundi, usijidanganye. Ni jini lililomwitikia. Lilijifunza kazi kwa mgonjwa wa kwanza, sasa linaifanya kwa wa pili. Linalowesha midomo, maji linamwaga. Mgonjwa anakufa kwa kiu huku anashukuru."

"Linatokaje?" Mwalimu aliuliza.

"Aliyeitwa aitike. Mbele ya yule aliyemdanganya."

"Tusubiri kidogo," fundi alisema. "Dada yangu ana presha."

"Mtazame mzee ulimi. Kisha uniambie tusubiri hadi lini."

Dada alifika kesho yake saa nane na nusu, na mkoba wake mkubwa. Alipoliona gari alishika mdomo. "Si la mama hili? Mbona hukuniambia, mdogo wangu?" Aliingia akimsalimia kila mtu, akakaa pembeni mwa kitanda, mahali alipokuwa akikaa zamani.

Pampu ikanguruma.

"Itika," mganga alisema kwa sauti ya chini.

"Naam, mama."

Ngurumo ikakatika. Kutoka chooni ikaja sauti ambayo kiharusi kilikuwa kimeinyamazisha kabla ya kifo, nyororo, yenye kicheko kidogo mwishoni:

"Nilikunywa, mwanangu. Endelea na kazi yako."

"Ni mama!" Dada alisimama, machozi yanamtiririka. "Umesikia? Alikunywa! Alhamdulillahi, alikunywa!"

Kwa miaka miwili fundi alikuwa ameyangoja maneno hayo. Angeweza kuishia hapo. Dada angerudi nyumbani na furaha, na yeye angelala. Nyuma ya dada, mzee alitabasamu kwa midomo iliyolowa, na kifua chake kilipanda kwa shida.

"Hukunywa," fundi aliiambia sauti ile. "Dada, hakunywa. Pampu haikuungua. Nilizima swichi kwa mkono wangu kwa sababu alikuwa ananisumbua, halafu nikabadilisha fyuzi ili usijue."

Pampu ikaamka kwa kishindo, mabomba yote matatu yakafunguka, taa ya tangi ikawaka nyekundu, na maji yakapanda kwenye sinki la choo mpaka ukingoni, na sauti ile ikawa inarudia nilikunywa, nilikunywa, nilikunywa, kwanza ya mama, kisha ya mzee, kisha ya fundi mwenyewe, hadi mganga alipopiga ukuta kwa kiganja na kusema, "Aliyeitwa ameshaitika! Huna kazi tena humu! Toka!"

Kimya. Mabomba yakadondosha tone moja moja, yakaacha.

Mwalimu alipeleka kikombe mdomoni mwa mumewe. Koo la mzee likapanda, likashuka. Akakohoa, akaomba kingine.

Dada hakuwa akitazama.

"Aliita mara ngapi?" aliuliza.

"Sijui, dada. Nilizima ili nisisikie."

Dada aliokota mkoba wake, akashuka ngazi mbili za gari, akaenda bila kufunga mlango.

Siku saba zilizofuata fundi alimpigia simu kila mchana. Simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Siku ya nane alipiga mara kumi na moja. Ya mwisho ilikuwa saa tisa. Kisha akajilaza kwenye benchi la karakana, simu kifuani, na usingizi ukampitia.

Alipoamka, mahali pote palinukia mkaratusi. Koo lilikuwa kavu kama msasa.

Midomo ilikuwa imelowa.