Mate ya Bi Orpha

Lorna Pettengill alitoka kufuata boksi la vitabu tu. Alichukue, arudi zake. Ilikuwa jioni ya katikati ya Oktoba, na huko Vermont jua la mwezi huo halina subira. Unageuka kutafuta kofia, ukiinuka giza limeshakaa uani. Majani mekundu yalikuwa yameloa njia nzima, yanateleza.

Kila mwaka maktaba ya mji ule mdogo hutandika Meza ya Oktoba. Huwekwa vitabu vya kutisha, lakini si vile vya kumtoa mtu roho. Ni vile vya kujikunyata navyo chini ya blanketi, kikombe cha maji ya tufaha ya moto mkononi, mvua ikigonga dirisha. Unaogopa kidogo, unajicheka, unalala. Lorna ndiye aliyevikusanya. Na mwaka huo vingi vilitoka kwa Bi Orpha Crandall, aliyefia kitini mwake Septemba na kukutwa baada ya siku tisa, kitabu kikiwa mapajani.

Mpwa wa marehemu, Maude, alifungua mlango leso ikiwa puani.

"Beba vyote, Bi Lorna. Wiki tatu madirisha yako wazi na nyumba bado inanuka."

"Na hiki cha juu?"

Maude akatazama pembeni. "Hicho ndicho alichokuwa nacho... siku ile. Nilitaka kukichoma."

"Kuchoma kitabu? We!"

"Ndiyo maana sikukichoma."

Kilikuwa kinene, jalada la kitambaa cheusi. Kwa nje hakikuwa na doa. Lakini ndani, kona ya chini ya kila ukurasa ilikuwa ya kahawia, laini, imelegea kama mdomo wa chini wa mzee aliyelala. Mtu alikuwa amelamba kidole na kufunua, akalamba na kufunua, miaka na miaka. Na harufu yake! Mafuta yaliyochacha, nywele zisizooshwa, na maji yaliyolala na meno bandia.

Lorna alikifunga upesi. Akakitia kwenye mfuko.

Nyumbani alikuwa na mdogo wake, Edie. Tangu mumewe Edie afariki mwezi wa sita, chakula kilikuwa hakipiti. Daktari alisema wazi: akipungua tena kabla ya Sikukuu ya Shukrani ya Novemba, hatauona mwaka mpya. Kitu kimoja tu kilimfungua kinywa, kusomewa hadithi. Ukurasa mmoja, kijiko kimoja. Ila Lorna alikuwa amemaliza hadithi zote za nyumba ile, na hadithi iliyorudiwa Edie aliitemea mate.

"Hiyo naijua, dada. Niache."

Siku mbili hakuwa amekula.

Sasa, pale maktabani kuna desturi. Kitabu cha kupewa hakiwekwi mezani moja kwa moja. Kinafungwa kwenye plastiki, kinakaa kwenye friza siku nne, ili kunguni na mende wa karatasi wafe. Friza ya maktaba ilikuwa imejaa. Lorna akakitia kwenye ya kwake, katikati ya pai sita za kuku alizomwandalia Edie.

Siku nne alimlisha mdogo wake mchuzi kwa kumbembeleza kama mtoto. Siku ya tano akafungua friza.

Pai zilikuwa pale, zimeganda, ngozi ya unga haina hata ufa. Akainua moja. Nyepesi. Akaigonga kwa ukucha.

Ikalia kama ngoma.

Akaivunja. Ndani hamkuwa na kuku wala karoti. Palikuwa peupe, panang'aa, pana unyevu... pamelambwa. Akavunja ya pili, hadi ya sita. Vivyo hivyo.

Na kitabu hakikuwa kimeganda. Kilikuwa vuguvugu. Plastiki yake inatoka jasho kwa ndani.

Akampigia Beryl, mkuu wa maktaba.

"Panya hao," Beryl akasema.

"Panya gani anaishi kwenye friza, Beryl? Anavaa sweta?"

"Usiwe na wasiwasi. Friza inaua kila kilicho hai."

Kila kilicho hai, ndiyo. Lorna alikata simu, akakishika kitabu kwa ncha mbili za vidole kukipeleka jalalani.

"Hicho kinahusu nini?"

Edie alikuwa mlangoni mwa jiko, amejishikilia ukutani. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu kiangazi.

Nani angekitupa?

Wakaketi. Lorna akakifungua. Kurasa zilikuwa zimeshikana na kidole kikavu hakikuzibandua. Basi akalamba kidole, akafunua, na kwa mazoea akalamba tena.

Ulimi ukakuta mate kidoleni. Si yake. Ya mtu mwingine, ya moto, mazito, yana uchachu wa kinywa kilichoamka sasa hivi. Yakamteleza kooni kabla hajayatema.

Na Edie akafungua kinywa. Akameza kijiko cha supu ya maboga. Akameza cha pili.

"Mbona umenyamaza, dada? Soma bwana."

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mwanamke anayesoma kwa sauti kitini, na mbele yake ameketi mtu anayesikiliza kinywa wazi. Basi. Ila kila baada ya kurasa chache, yule msikilizaji alikuwa amesogeza kiti.

Wiki moja, mashavu ya Edie yakarudi. Wiki ya pili alikuwa anakwangua ngozi ya kuku sufuriani, mafuta yanamtiririka hadi kwenye viwiko, anavilamba, anacheka. Lorna naye alikuwa anakwisha. Kila alichokitia mdomoni, mkate, jibini, hata maji, kilikuwa tayari kimetafunwa na mtu. Akawa anatema kwenye leso. Na kinywa chake kikaanza kukauka.

Akampigia Maude.

"Shangazi yako aliishi na nani?"

"Peke yake. Miaka thelathini."

"Na alikuwa akisoma kwa sauti?"

"Kila jioni. Anapakua sahani mbili. Tulisema ni upweke." Sauti ikashuka. "Siku ya mwisho alinipigia, Bi Lorna. Sauti imekauka kama maganda. Akaniambia, Maude, nimeishiwa mate. Nilidhani ni uzee. Sikwenda."

Jioni hiyo Lorna alikifunga kitabu kwa kamba, akakifungia bandani kwenye kuni.

Siku ya kwanza Edie hakula. Siku ya pili macho yakaingia ndani. Siku ya tatu alikuwa amelala kitandani, ngozi ya majivu, na mkono wake juu ya blanketi haukuwa na uzito wa kijiko.

"Dada," akanong'ona. "Nitakufa na njaa, na sina njaa."

Lorna akaenda bandani. Kamba ilikuwa imeloa.

Akamketisha Edie mezani. Saa kumi na moja na nusu jioni, dirisha tayari jeusi, supu inafuka. Akasoma ukurasa ulio wazi. Edie akala kijiko kimoja, akakitafuna taratibu kama nyama. Ukurasa ukaisha. Lorna akapeleka kidole mdomoni.

Ulimi ulikuwa kama ubao. Akanyonya mashavu yake. Hakuna. Hata tone.

Kidole kikabaki hewani, juu ya ile kona ya kahawia.

Kisha kitu chenye joto kikainuka toka ukurasani, kikakikumbatia. Laini, kizito, kina vipele. Kikakimeza hadi kwenye kifundo na kuanza kunyonya, polepole, kama ndama.

Edie alikuwa ng'ambo ya meza. Midomo yake imefumba. Anatafuna.

Lorna hakutazama chini. Alimtazama mdogo wake, rangi ikimrudia mashavuni, akimeza, akifungua kinywa kusubiri kijiko kingine.

Kile kitu kikakiachia kidole. Kilikuwa kimeloa vizuri.

Akafunua ukurasa.