Kioo cha Kikokotoo

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi redio, mtu asiye na porojo. Aling'oa kioo cha kikokotoo kibovu cha kuchorea grafu ili atengeneze kipimajoto cha chumba cha mkewe, aliyekuwa hoi kitandani kwa kikohozi. Akiwa kando yake, bado analehemu waya, umeme ukakatika. Gizani zikasikika pumzi za mkewe tu, zikikwaruza kama msumeno.

Kioo kikawaka, na betri bado iko mfukoni mwa fundi. Mstari wa grafu ukatokea, ukapanda, ndipo mkewe akavuta pumzi. Ukashuka, ndipo akaishusha.

"Baba watoto, umemaliza?"

"Bado kidogo, mama watoto."

Akakifunika kioo kwa kiganja. Alipochungulia, mstari ulikuwa umelala, umenyooka mpaka ukingoni. Mkewe alikuwa bado anakohoa.