Sigara ya Moto Ndani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, niliteka maji mtoni na kuyapandisha mlimani hadi nyumbani kwa Nyanya Nyarangi, aliyenilea, nje kidogo ya Migori. Katikati ya njia palikuwa na jiwe pana ambapo Nyanya alizoea kupumzika, maana kifua chake kilikuwa kibovu. Mwaka huo wa 1967 mimi pia, msichana wa miaka kumi na minne, nilianza kuketi pale. Nilitua mtungi, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaendelea.

Sababu niliijua, na zaidi ya Nyanya hakuna aliyejua: nilivuta sigara. Nilianza kwa sababu kila mwezi, siku nne au tano kabla ya hedhi, nilikuwa mtu mwingine. Kichwa kiliuma, tumbo lilijaa, na hasira ilinipanda kwa jambo la bure. Siku moja nilimrushia rafiki yangu Orpah kitabu kwa kuwa aliniomba kifutio, halafu nikalia kuliko yeye aliyepigwa. Hedhi ilipoanza, yote yaliisha. Niliogopa sana. Nilidhani nimerogwa, au naingia wazimu.

Nyanya alinionea huruma. "Hata mimi nilikuwa hivyo," alisema, akisokota sigara kutoka mkebe wake wa tumbaku. "Mama yangu alinipa hii, nikatulia."

Akanionyesha jinsi wanawake wa rika lake walivyovuta sigara: upande unaowaka uliingia mdomoni, na upande usiowaka ukabaki nje. Nilivuta, kichwa kikazunguka, na kwa dakika chache nikasahau tumbo. Nikajua nimepata dawa. Mwanzoni nilivuta zile siku tano tu. Baadaye ikawa kila siku, nyuma ya mihogo, na zile siku tano zikawa mbaya kuliko zamani.

Ijumaa moja mwalimu mkuu, Bwana Mochama, alisimama mbele yetu. Alikuwa Msabato asiyegusa hata chai.

"Jumatatu Sista Bathsheba wa kliniki atakuja kuwapima," alisema. "Atatazama koo na kifua. Na mwanafunzi anayetumia tumbaku atarudi kwao, hata kama mtihani ni kesho."

Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza wiki sita. Nilikimbia nyumbani, nikachukua kioo cha Nyanya na kufungua mdomo. Kaakaa langu lilikuwa jeupe, lenye vidoa vyekundu. Nililisugua kwa chumvi mpaka damu ikatoka, lakini weupe haukutoka.

Jumatatu tuliingia mmoja mmoja katika chumba cha darasa la kwanza. Orpah alitoka akicheka. Miguu yangu ilitaka kukimbilia mihogoni, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

"Fungua mdomo," Sista alisema, akawasha tochi. "Zaidi, mwanangu."

Alitazama kwa muda mrefu, kisha akazima tochi. "Nani alikufundisha kuvuta moto ndani?"

Nilikuwa nimetunga uongo mzuri njiani, lakini haukuja. "Sista, nitakufa?" niliuliza.

"Mama yangu alivuta hivyo miaka thelathini," alisema polepole. "Nililiona kaakaa kama hili kila alipopiga mwayo. Alikufa kwa kidonda cha mdomoni. Wewe umeanza juzi. Ukiacha leo, mdomo utapona na kifua kitafunguka. Sasa niambie ulianzaje."

Nilimweleza yote, hata kitabu cha Orpah. Sista hakushangaa.

"Hujarogwa, wala huna wazimu. Wasichana wengi huwa hivyo kabla ya hedhi. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nililia kwa sababu uji ulikuwa moto. Weka alama kwenye kalenda ujue siku hizo zinapokaribia. Lala mapema, tembea, weka kitambaa cha moto tumboni, na mwambie rafiki yako. Tumbaku haikutulizi. Inakuletea hasira ya kuitamani, kisha inajifanya ndiyo iliyokutuliza."

"Utamwambia mwalimu?"

"Sitamdanganya. Lakini nitakuacha utangulie kumwambia."

Nilitembea hadi ofisini nikiwa na hakika kwamba naaga shule. Nilimwambia Bwana Mochama kila kitu. Alitazama dirishani, kisha akanigeukia.

"Umekuja mwenyewe," alisema hatimaye. "Sista atakutazama kila Jumatatu. Ukivuta tena, utarudi kwenu. Rudi darasani, Mellen."

Jioni hiyo nilimweleza Nyanya maneno ya Sista. Wiki ya kwanza ilikuwa ya mateso. Usingizi ulinihama, na nilitamani sigara mchana kutwa. Zile siku tano zilipokaribia, nilimwambia Orpah anivumilie.

"Nitakuvumilia," alijibu, "lakini nitakaa mbali na vitabu vyako."

Tumbo liliuma, nililia kidogo, siku zikapita, nami sikumpiga mtu. Wiki ya tatu samaki wadogo wa omena wakaanza tena kuwa na ladha. Wiki ya tano kikohozi kikapungua. Asubuhi ya mtihani nilipanda na mtungi wangu, Nyanya akinifuata, na nilikuwa nimefika mlangoni kabla sijatambua kwamba sikuketi njiani. Nilipogeuka, nilimwona Nyanya ameketi juu ya jiwe peke yake, akikohoa. Nilishuka mbio.

"Umepita jiwe," alisema.

"Nimepita, Nyanya."

Alifungua pindo la kanga yake, akatoa mkebe wa tumbaku na kuuweka mkononi mwangu.

"Nilikupa kitu kilichoniumiza, nikakiita dawa. Niliambiwa hivyo nikiwa mtoto, na sikuuliza. Mwili wako ukikusumbua, mjukuu wangu, muulize anayejua, hata ukiona haya. Usinyamaze na hofu yako, wala usikubali kila unachopewa, hata kama anayekupa anakupenda."

Kisha akaninyooshea mkono.

"Sasa niinue. Kesho nataka nami nijaribu kulipita jiwe hili."