Mtoto Anayengoja Shuleni

Kila siku ikifika saa tisa alasiri, Mzee Koti alivaa koti lake na kushika njia ya mlangoni. Jina hilo alipewa na wenzake katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuwa na ugonjwa wa kusahau.

“Unakwenda wapi, Baba?” aliuliza binti yake, mshonaji, alipomtembelea.

“Kumchukua mwanangu shuleni. Usinicheleweshe.”

“Mwanao ni mimi, Baba.”

Mzee alimtazama juu hadi chini. “Mama, mwanangu ana miaka saba. Wewe una mvi.”

Wazee wengine walicheka. Binti hakucheka. “Shule yenyewe ilishavunjwa. Keti.”

Mzee aliketi. Koti hakulivua.

Alhamisi moja wageni walipoondoka, alitoka katikati yao. Mlinzi mpya aliona mtu nadhifu, mwenye koti.

“Shikamoo, mzee,” alisema, akamfungulia geti.

“Marahaba. Namuwahi mtoto.”

Alipatikana kesho yake asubuhi, ndani ya mtaro, karibu na ilipokuwa shule. Alikuwa amelowa, na nyonga imevunjika.

Hospitalini, binti alimwambia muuguzi wa ile nyumba, “Akirudi, mfungieni chumbani.”

“Hapana, dada. Ukimfungia, atahangaika zaidi. Na moto ukitokea, je? Kosa ni letu pia. Tulijua saa yake ya kutoka, tukamwachia mlinzi asiyemjua.”

“Mimi humweleza ukweli kila nikija.”

“Najua. Lakini ukimbishia, hofu haimtoki. Moyoni mwake kuna mtoto amesimama peke yake, anamngoja.”

Binti aliinamisha kichwa. Alipokuwa mdogo, baba yake hakuchelewa hata siku moja.

Nyumba ile ikabadilika. Picha za wazee wanaopenda kutoka zilibandikwa kwenye kibanda cha mlinzi. Wageni walipewa kadi za kuvaa. Mlango uliwekwa kengele. Mzee yeyote akikosekana, wote hutafuta mara moja, na polisi hupigiwa simu bila kusubiri.

Mzee hakutembea tena vizuri. Kila siku saa nane na nusu, kabla hajaanza kuhangaika, mhudumu alimsukuma uani kwa kiti cha magurudumu. Miezi mitatu ilipita bila mtu kupotea.

Siku moja binti alimkuta anapapasa magurudumu. “Nimechelewa,” mzee alisema. “Mwanangu ananingoja.”

“Ameshafika nyumbani. Amekula.”

“Nani kamchukua?”

“Wewe mwenyewe. Hukuchelewa.”

Mzee alishusha pumzi, akaegemea kiti. “Asante, mama,” alisema, kama mtu anavyomshukuru mpita njia.

Binti alimfunika miguu, akakaa naye.