Leso Isiyo na Jina

Boti ya asubuhi kutoka Lamu ilipopunguza mwendo kufunga gati ya Mtangawanda, mawimbi yake yalisukuma kitu kutoka chini ya nguzo. Mwanamke aliyempakata mtoto ndiye aliyekiona kwanza. Hakupiga kelele. Alimziba mtoto macho, akarudi nyuma mpaka akawagonga abiria wenzake.

Ulikuwa mguu wa mtu.

Inspekta Swafiya Hamdun wa upelelezi, Lamu, alifika saa nne akiwa na Konstebo Bakr. Maiti ilikuwa imekwisha kuopolewa. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, amezungushiwa kitambaa cha rangi ya chungwa, na kitambaa kimekazwa kwa waya mwembamba wa kufungia nondo. Kwenye waya ilining'inia ncha ya kamba iliyokatika.

"Amezama, afande?" Bakr aliuliza huku akitazama pembeni.

"Aliyezama hajifungi waya. Kamba hii ilishika jiwe. Soma jina la leso."

Bakr aliinama kwa shida. "Haina jina."

Swafiya aliugusa upindo wa kitambaa. Leso za huku zote zina maandishi. Vitambaa visivyo na jina aliviona miaka miwili alipofanya kazi mpakani Lunga Lunga, viunoni mwa wanawake wa Msumbiji. Wenyewe huviita kapulana.

Wenyeji waliitwa mmoja mmoja kumtambua. Walitazama upesi, wakaondoka upesi. Hakuna aliyemjua.

Kesho yake daktari aliyechunguza maiti alimwita Swafiya chumba cha pembeni.

"Hakuna maji mapafuni. Alikuwa amekwisha kufa alipotupwa. Hakupigwa wala hakunyongwa. Kidole tumbo kilipasuka, usaha ukajaa tumboni. Aliteseka siku tatu, huenda nne."

"Angepona?"

"Kwa upasuaji wa saa moja." Daktari alifunua mkono wa kulia wa marehemu. "Hiki ndicho kilichoninyima usingizi."

Kucha tatu zilikuwa zimevunjika. Chini yake kulikuwa na rangi ya mafuta, ya kijani.

"Alikuwa akikwaruza mlango," Swafiya alisema.

"Kwa ndani," daktari alijibu.

Swafiya alipiga simu idara ya uhamiaji. Hakuna kibali cha kazi kilichoombwa Lamu kwa raia yeyote wa Msumbiji. Hospitali nazo hazikuwa na rekodi ya mgonjwa wa namna hiyo. Basi kuna mtu aliyemficha msichana huyu akiwa hai, kisha akamficha akiwa maiti.

Mtu mwenye maumivu ya siku tatu hutafutiwa dawa. Swafiya alizunguka maduka ya dawa ya mji wa Lamu. La tatu lilikuwa la Athman, mtu wa makamo mwenye kofia ya vito, ile ya kudariziwa kwa mkono, ambaye alisikia swali akaanza kupanga chupa zilizokuwa zimekwisha kupangwa.

"Mimi naishi na watu wa mji huu, Bi Inspekta."

"Huyu pia aliishi na watu wa mji huu."

Athman aliziacha chupa. "Bwana Yasir wa Wiyoni, muuza vifaa vya ujenzi. Alikuya mara tatu. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Kila mara anataka dawa ya maumivu kali zaidi. Ya tatu nikamnyima. Nikamwambia, huyo mtu apelekwe hospitali leo."

"Akasemaje?"

"Aliokota pesa zake kauntani, akatoka."

Vifaa vya ujenzi. Waya wa nondo. Swafiya alitoka bila kuaga. Alasiri hiyohiyo alipata hati ya upekuzi, akenda Wiyoni.

Mke wa Yasir, Bi Raihana, alifungua mlango kidogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya upole.

"Karibu, mwanangu. Bwana hayupo."

"Tumekuja kumwona mtumishi wenu."

"Hatuna mtumishi. Kazi zangu nafanya mwenyewe."

Swafiya aliitazama mikono yake. Ilikuwa na hina mbichi mpaka viganjani, haina alama ya jivu wala sabuni. Alimwonyesha hati, akapita.

Chini ya ngazi palikuwa na chumba cha stoo. Mlango wake ulikuwa wa kijani. Komeo lilikuwa nje. Swafiya alilivuta, akaingia, akaugeuza mlango autazame kwa ndani. Karibu na sakafu, mahali pa mtu aliyelala chini, rangi ilikuwa imechimbwa mistari.

Bakr alipiga picha mistari ile.

Ndani mlikuwa na mikeka miwili. Miwili, na vikombe viwili.

"Wa pili yuko wapi, Bi Raihana?"

Raihana alijishika ukutani.

"Nakuuliza kwa sababu huenda bado yu hai. Yuko wapi?"

"Pwani," alisema. "Bwana amtia botini. Ampeleka kijiji cha Mkokoni."

Swafiya alimwacha Raihana na askari wa kike waliyekuja naye, akatimua mbio, Bakr nyuma yake. Vichochoro vya Wiyoni ni vyembamba. Aligonga punda, akaruka ndoo. Jambo moja lilimkimbiza: boti ile ilikwisha kubeba jiwe mara moja.

Yasir alikuwa akimimina petroli kwenye injini. Mbele ya boti ameketi mtu aliyevaa buibui kubwa kuliko mwili wake, amefunikwa uso.

"Shuka, Bwana Yasir."

Yasir hakubisha. Aliweka jerikeni chini na kushuka majini mpaka magotini. Bakr akamtia pingu. "Sikutaka kumdhuru," alisema. "Nilikuwa nampeleka kwa shangazi yangu, akae mpaka maneno yapoe."

Huenda ni kweli. Swafiya hakupata kujua.

Yule wa botini hakutikisika. Alishikilia ubao kwa mikono miwili. Swafiya alipomkaribia, alijivuta upande wa pili, wa bahari, na boti ikainama. Alikuwa tayari kujitupa kuliko kukamatwa na polisi.

Swafiya alisimama. Aliwaamuru askari wote warudi juu ya ukuta wa pwani. Akapanda boti polepole, akaketi mbali naye.

"Mimi naitwa Swafiya. Wewe je?"

Akajibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kimwani, lugha ya pwani ya kaskazini mwa Msumbiji: "Atija."

"Na yule mwenzako?"

"Muaziza. Dada yangu." Vidole vilizidi kubana ubao. "Bibi wa nyumba alisema polisi wakituona watatufunga. Hatuna karatasi."

"Sikiliza, Atija. Sitakuahidi nisichokiweza. Uhamiaji watakuuliza maswali, nami nitakuwa nawe. Lakini kibali cha kazi, aliyekuajiri ndiye aliyetakiwa kukiomba. Ndiye aliyetakiwa kuwapa mkataba wa maandishi, siku ya kupumzika kila wiki, na kuwapeleka kwa daktari mkiugua. Pasipoti ni yako. Kukunyang'anya ni kosa lake, si lako. Na mtu aliyefungiwa ndani, sheria yetu humlinda."

"Hukuja kutufunga?"

"Wewe sikufungi."

Atija alifunua uso. Alikuwa na macho makavu kabisa. "Dada alilia kwa Mungu, akalia kwa bibi, akalia kwa mama," alisema. "Mimi nilikuwa jikoni. Bibi alinambia, ukifungua, utafuata wewe. Sikufungua."

Swafiya alisogea, akamshika bega.

Kituoni, Yasir alijitwika yote. Yeye ndiye aliyefunga mlango, yeye aliyetupa maiti, mkewe hajui neno. Swafiya alimwacha aseme mpaka akaishiwa.

"Jumapili alasiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Vitabu vya bandari vinasema boti yako ilikuwa ikishusha saruji Pate tangu asubuhi mpaka jioni, na wewe ndani yake. Atija anasema Muaziza alikufa alasiri. Nani alikuwa nyumbani?"

Yasir aliinamisha kichwa. "Nimerudi nikamkuta amekwisha kuwa baridi. Nilimwambia mke wangu tangu Alhamisi, tumpeleke. Nilimwambia."

"Ulimwambia. Komeo ungelivuta kwa mkono mmoja."

Yasir alianza kulia, na Swafiya akatoka.

Pasipoti mbili zilipatikana chini ya nguo, ndani ya kasha la Raihana. Muhuri wa ziara ulikuwa umepita muda mwaka mzima. Swafiya aliziweka mezani mbele ya Raihana.

"Una haki ya kunyamaza, na ya kuwa na wakili."

"Nataka kusema." Raihana hakuzitazama. "Walikuya wakikimbia vita kwao. Niliwasitiri. Nilisema ni thawabu. Wakapika, wakafua, nyumba ikawa nyumba. Nikaweka pasipoti zao zisipotee. Kisha jirani akanambia, mgeni asiye na kibali, mwajiri hufungwa. Tangu siku hiyo kila mlango ukigongwa, niliwafungia stoo. Nikawakataza hata dirishani."

"Muaziza alipougua?"

"Hospitali wangeuliza jina, nti atokako, karatasi. Nikasema ni tumbo tu, litapoa. Jumapili akaanza kukwaruza. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango. Mkono wangu uko kwenye komeo." Aliunyanyua mkono wenye hina, akautazama. "Alasiri akanyamaza. Nikashukuru, nikasema amelala."

"Ungeweza kwenda uhamiaji, mwaka mzima huo, ukauliza."

"Niliogopa."

"Kufungwa?"

Nje ya dirisha kuliadhiniwa magharibi; Raihana akavuta mtandio kichwani.

"Wangewapa karatasi zao mkononi," alisema. "Wangewaambia haki zao. Niliogopa watajua kwamba wanaweza kuondoka."

Swafiya aliandika maelezo, akampa asome. Raihana alisoma mara mbili. Aliomba sentensi ile ya mwisho iondolewe.

"Si kweli?"

"Ni kweli."

Akatia sahihi chini yake.